Funda Moja la Chai

Kila dada yangu alipokuja kututembelea Mtopanga, Mombasa, alikuwa na mchezo wake. Mke wangu akimwekea chai, yeye huonja kidogo, hukiweka kikombe chini taratibu, kisha huuliza, "Wifi, supu imekolea leo. Nyama umeificha wapi?"

"Nyama kaila mdogo wako," mke wangu humjibu. "Mgeni hupewa mchuzi."

Hucheka wote wawili, nami hucheka nao, ingawa kicheko changu hakikuwa kizuri sana, kwa kuwa ni mimi niliyechagua kujenga mahali ambapo visima vina chumvi. Uani kwetu kuna mfereji wa bomba. Wiki nyingine hutoa maji, wiki nyingine hutoa upepo, kwa mlio kama wa mtu mwenye mafua. Maji matamu hutufikia kwa mkokoteni, katika mitungi ya njano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Ya kisima tunafulia na kupigia deki, ya mkokoteni tunakunywa. Lakini muuza maji naye ni binadamu. Siku foleni ikiwa ndefu kule anakochota, hupitia kisimani akajaza mitungi yake, na uso wake haubadiliki anapokugongea lango. Chai ndiyo humfichua.

Dada yeye hakujua shida hiyo. Alibaki nyumbani kwetu, bara, nyuma ya vilima, katika bonde ambalo mto wake haukauki hata kiangazi kikali. Mimi nilitoka huko na cheti changu cha sekondari, nikawa karani wa ghala Changamwe hadi nilipostaafu. Dada alibaki na mto, na mahindi, na kaburi la mama yetu lililo chini ya mkwaju, hatua chache kutoka mlangoni pake.

Kisha tukasikia kuwa bondeni kwetu litajengwa bwawa kubwa ili maji yapelekwe Mombasa.

Sijui kama nimewahi kupokea habari moja kwa mioyo miwili kama nilivyoipokea hiyo. Mtaani kwetu nilikuwa katika kamati ya maji. Nimesimama na akina mama mbele ya ofisi za maji tukipiga mitungi mitupu kama ngoma, mimi nikiwa mwanamume pekee mwenye kofia. Maji ya bonde letu kufika kwenye mfereji wa mke wangu ilikuwa dua iliyojibiwa. Na dua hiyohiyo ingekuja kulala juu ya mama yangu.

Dada hakuwa na mioyo miwili. Alikuwa na mmoja, nao ulisema hapana.

Tulikutana uani kwake kabla ya baraza ambalo maafisa wa mradi waliita. Aliyeongoza kikao alikuwa binamu yetu, mwana wa mjomba. Kwetu mwana wa mjomba ni mtani wako. Anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na usikasirike, anaweza kuketi mlangoni kwenye matanga yako na kuzuia watu wasipite mpaka wamchekeshe. Na kwa sababu hakuna ruhusa ya kumkasirikia, ndugu wakigombana yeye ndiye huamua. Binamu huyu kazi hiyo aliipenda kuliko kulima.

Tulibishana mpaka kuku wakapanda kulala. Wengine walitaka tukatae kabisa, wengine walisema serikali haikataliwi. Mwishowe tukakubaliana jambo moja: hatutasema ndiyo wala hapana mpaka tuambiwe mama atahamishiwa wapi, na nani atamhamisha, na kwa desturi ipi. Mimi nikateuliwa kuwa msemaji, maana nimesoma na sauti yangu inasikika.

Dada alinishika mkono. "Neno ni moja tu," akasema. "Kaburi la mama kwanza. Ukishalisema, keti."

"Dada, nimesoma mpaka sekondari. Neno moja litanishinda?"

"Ndiyo maana nakwambia," akasema.

Siku ya baraza kulikuwa na hema jeupe, viti vya plastiki, na maafisa waliovaa viatu visivyojua tope. Watu wa bondeni walikuja na hasira zao na mizaha yao. Mzee mmoja aliuliza kama samaki nao watapewa hati za kumiliki mashamba yetu. Mama mmoja aliuliza kama bwawa lina wake, maana linakula ardhi kama mtu mwenye familia kubwa. Watu walicheka hadi hema likatikisika, na maafisa wakacheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Zamu yangu ikafika. Nikapewa kipaza sauti.

Sasa, mimi nilifanya kazi maisha yangu yote katikati ya malori. Changamwe ukitaka kumwambia mtu jambo, unampigia kelele sikioni, naye anajibu, "Ati?" Hakuna aliyewahi kunipa kipaza sauti. Nilipoanza salamu, sauti yangu ikaenda, ikagonga kilima cha ng'ambo, ikarudi ikiwa nene na tulivu, kama sauti ya mtu mwingine mwenye hekima kunishinda. Nilimsikiliza mtu huyo. Alinipendeza.

Nikasema mto haumwulizi mwenye kiu anatoka wapi. Maafisa wakapiga makofi. Nikaeleza habari za mke wangu na mfereji unaotoa upepo. Nikasema hakuna mzazi aliyelala kaburini anayeweza kuwanyima wajukuu zake maji. Makofi yakazidi. Na kwa kuwa makofi huomba makofi mengine, nikamalizia, "Familia yetu iko tayari!"

Nikaketi. Moyo ulikuwa mtamu. Sikukumbuka lile neno moja mpaka nilipotazama upande wa wanawake na kumwona dada amesimama, anafunga leso yake upya kiunoni, polepole, kama mtu anayejiandaa kwenda shambani. Akaondoka bila kunitazama.

Wiki iyo hiyo walikuja vijana wa mradi na kopo la rangi nyekundu. Kwa kuwa familia yetu ilikuwa tayari, walianza kwetu. Kaburi la mama likawa la kwanza bondeni kutiwa alama. Tukaambiwa mahindi yakishavunwa, mashine zitashuka.

Sasa ilibaki shida ambayo maafisa hawakuijua. Kwetu kaburi la mama haliguswi mpaka watoto wake wote wasimame mbele yake na kumwambia, kwa kauli moja, kwamba anahama. Watoto wakiwa na vinywa viwili, hakuna mzee atakayeshika jembe. Na watoto tuliobaki ni wawili, mimi na dada. Dada alisema hasimami na mimi. Mahindi yalikuwa yameshaanza kutoa mbelewele.

Nilienda kumwomba radhi. Nilimkuta anapura kunde uani.

"Shikamoo, dada."

Akaendelea kupura. Katika maisha yangu yote dada hakuwahi kuiacha shikamoo yangu ikaanguka chini. Nilirudia. Akainua kichwa, akamtazama kuku aliyekuwa akidonoa miguuni pake.

"Kuku," akasema, "mwambie huyo bwana kipaza sauti kwamba hapa hakuna baraza."

"Dada, nimekuja kusema nimekosa."

"Kuku, mwulize, atasema kwa maneno mangapi?"

Nikaanza kujieleza. Nilieleza habari za mwangwi wa kilima, na makofi, na jinsi mtu anavyoweza kusahau. Nilipofika katikati, dada alimwinua kuku, akamtia kwapani, akaingia naye ndani na kufunga mlango. Nilibaki na kunde. Nikapura kidogo, kwa kukosa la kufanya, kisha nikarudi Mombasa.

Mke wangu sikumwambia chochote. Hilo ni kosa la pili, na lilizaliwa na la kwanza. Aliuliza, "Wifi mbona haji?" nikasema ni msimu wa kazi. Akauliza tena baadaye, nikasema mvua. Nilimwambia kila kitu isipokuwa kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikalitumia jina lake na mfereji wake kumtoa mama yangu kaburini bila idhini.

Ugomvi wangu na dada, binamu ndiye aliyeuvunja. Alinipigia simu akaniambia nije bondeni na viatu vya kupandia mlima. Nilipofika, alikuwa ameketi kando ya mto kwenye kigoda chake cha kukunja, fimbo magotini, na mtungi wa njano mtupu pembeni.

"Mtani," akasema, "nimehukumu. Ulitaka maji ya hapa yafike Mombasa, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi yapeleke."

Niwaeleze desturi hiyo, maana siku hizi hata vijana wetu hawaijui. Ndugu waliogombana hupozana kwa maji. Aliyekosa ndiye huyachota, kwa mkono wake, mahali walipokuwa wakichota utotoni. Hayanunuliwi wala hayaombwi. Huyapeleka nyumbani kwake. Aliyekosewa huja, husema yote yaliyo moyoni, hata yanayochoma, na hakuna ruhusa kumkatiza. Akimaliza, hupiga funda la maji na kumpulizia mwenzake kifuani. Maji yakitoka kinywani, na maneno yametoka. Hayarudiwi tena, hata kwa utani.

"Dada amekubali?" nikauliza.

"Amesema atakuja Jumapili. Si kwa ajili yako. Amesema amemkumbuka wifi yake."

Nilichota chini ya mkuyu, penye mchanga mweupe, ambapo dada alikuwa akichota tangu kabla sijaweza kutembea. Nikauweka mtungi begani na kuanza kupanda kwenda barabarani. Binamu alinifuata nyuma na kigoda chake. Kila nilipoutua mtungi kuvuta pumzi, yeye hukunjua kigoda, huketi, na kusema, "Pumzika mtani, Mombasa haihami."

Njiani tulikutana na mama mmoja akishuka mtoni.

"Babu, huko mjini maji yamekwisha kabisa hata mnakuja kutuchotea?"

Binamu akamjibu, "Usimdharau, mama. Hili ndilo bwawa lenyewe."

Mama akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akauona mtungi unavyotetemeka begani. "Aa! Kama bwawa ndilo hili, basi nitapanda mihogo yangu bila wasiwasi."

Kicheko chao kilinifuata hadi juu ya kilima. Na kusema kweli, nilikuwa ninacheka pia, kwa pumzi iliyokuwepo. Nilikuwa ninajiambia, kama maji ya siku moja ya nyumba moja yana uzito huu, bonde zima litakuwa na uzito gani? Swali hilo sikuwahi kulipeleka kwenye kipaza sauti.

Nilifika Mtopanga bega moja likiwa chini ya lingine. Mtungi nikauweka jikoni, chini ya rafu, karibu na mingine. Nikamwambia mke wangu, "Jumapili tuna wageni. Dada na binamu."

Akaweka chini ungo aliokuwa ameushika. "Ashukuriwe Mungu! Wifi kanikimbia muda wote huu. Nilidhani nimemkosea. Nimekaa nikijichunguza, nikasema labda ni ule mzaha wa nyama na mchuzi."

Hapo ndipo ningemwambia. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilisema, "Aa, si wewe," nikaenda kulala kwa sababu ya bega.

Jumapili baada ya ibada nilivaa shati jeupe. Dada alifika na binamu, amevaa leso mpya, amebeba kunde. Alikumbatiana na mke wangu mlangoni kwa vifijo. Mimi akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Tuliketi sebuleni. Mke wangu akaleta mahamri, mbaazi za nazi, na birika la chai, akajaza vikombe, akarudi jikoni kuchukua sahani.

Binamu akakohoa. "Kabla hatujala kuna kazi. Mtani, lete maji."

Nikaenda jikoni. Chini ya rafu mtungi wangu haukuwepo. Niliuona uani, umeinamishwa ukutani, unakauka juani.

"Mke wangu," nikasema, "ule mtungi."

"Upi? Ule wa maji matamu? Lo, safari hii umeletewa maji ya kweli, sijui ulinunua kwa nani! Jana nimeloweka mbaazi, leo nimepikia chai, yaliyobaki nimeoshea vikombe vya wageni."

"Yote?"

"Yote. Ulitaka niyafungie kabatini?"

Katika nyumba nyingine mtungi ungeweza kukaa siku tatu bila mtu kuugusa. Lakini hii ilikuwa nyumba ya Mtopanga. Mwanamke wa huku akiona maji yasiyo na chumvi hamwulizi mtu yana kazi gani. Kazi yao anaijua. Kosa halikuwa lake.

Nikamwambia yote pale pale, mlangoni mwa jikoni, kwa sauti ya chini na kwa haraka: baraza, kipaza sauti, neno moja, rangi nyekundu, kuku, mto. Alinisikiliza akiwa na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo hakunikasirikia mimi," akasema.

"Hapana."

"Miezi yote hii najiuliza nimemfanyia nini mtoto wa watu, kumbe ni mdomo wako." Akauinua mwiko. Nikarudi nyuma.

Halafu tukasikia sauti ya dada kutoka sebuleni. "Wifi! Hebu njoo."

Tulikwenda wote wawili. Dada alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Akanywa tena kidogo. Mke wangu alisimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Chai hii umepikia maji gani?"

"Wifi, mimi sikujua, wallahi nimeambiwa sasa hivi…"

Mke wangu ni Mkristo tangu kuzaliwa, lakini amekaa na majirani zake Waislamu miaka mingi, na akibanwa huapa kama wao.

"Haya ni ya chini ya mkuyu," dada akasema. "Yana ile ladha ya majani. Huyu ameleta maji ya mkuyu, nawe ukayapikia chai!"

"Na mbaazi," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kutoficha tena kitu. "Na vikombe vimeoshewa."

Dada alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baraza. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nami nikadhani analia, mpaka kicheko kilipotoka. Alicheka akapiga paja, akacheka leso ikamwanguka begani, akamshika mke wangu mkono akamketisha karibu naye, wakacheka pamoja bila kusemezana. "Amebeba kilima kizima," dada alisema alipopata pumzi, "amebeba begani, ili nije ninywe chai!"

"Nisikilizeni," binamu akasema. "Kuna swali la sheria. Maji yakitiwa majani ya chai, yameacha kuwa maji?"

"Yana maziwa," mke wangu akasema.

"Na tangawizi," dada akasema.

"Sukari je?"

"Ipo, tena nyingi."

Binamu akafikiri, akavuta ndevu zake chache. "Basi yatapoza kwa utamu. Kikombe kijazwe. Mtani, simama katikati."

Nikasimama. Kicheko kikatulia chenyewe. Dada naye akasimama, kikombe mkononi, na sura yake ikabadilika.

"Mimi sikuwakatalia watu wa Mombasa maji," alisema. "Nimekunywa chai ya chumvi katika nyumba hii miaka mingi nikamwonea huruma wifi yangu. Nilipokuwa nikitania, nilikuwa namhurumia. Bwawa silitaki, na kesho sitalitaka, lakini si kwa uchoyo. Nilikutuma neno moja. Ulipokwenda shule nani alibaki kuchota maji? Mimi. Nilichota ili mama apike, ili wewe uoge, ili uvae sare safi. Huo ulimi wako mzuri niliuchotea maji mimi. Ukapewa kipaza sauti, ukausikia huo ulimi, ukanisahau mimi na mama kwa mara moja. Ukatoa kitu ambacho hakikuwa chako peke yako, ukapigiwa makofi. Hilo ndilo lililoniuma. Bwawa ni la serikali. Makofi yalikuwa yako."

Hakuna aliyemkatiza. Nje mkokoteni wa maji ulipita ukigonga, na muuzaji akaita, na hata yeye hakuna aliyemjibu.

Dada akapiga funda, mashavu yakavimba, akanipulizia kifuani. Chai ilikuwa bado ya moto kiasi. Shati langu jeupe likageuka rangi ya mchanga kutoka kola hadi tumboni.

"Zamu yako," binamu akasema, na akashika mpini wa birika. "Neno moja, mtani. Ukizidisha nakumwagia chai iliyobaki."

"Nilikosa, dada," nikasema. "Nilipenda sauti yangu kuliko neno lako."

Binamu alihesabu kwa vidole. "Yamezidi, lakini chai ni tamu. Msamehe."

"Sasa niamkie," dada akasema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, bwana kipaza," akasema, na akarudi kwenye mahamri.

Sharti lake alilitoa tukiwa tunakula. Atasimama nami mbele ya kaburi, lakini kwanza nirudi barazani niyachukue maneno yangu mahali nilipoyaacha. Na mama haendi kwenye uwanja wa makaburi ambao mradi umeupima karibu na barabara. Atapanda juu ukingoni mwa bonde, mahali atakapohamia dada mwenyewe, ambapo mto unaonekana.

Nilikwenda. Hema lilikuwa lilelile, na kilima cha ng'ambo kilinirudishia sauti yangu kama kwanza, lakini safari hii sikuisikiliza. Nilisema, "Kaburi la mama kwanza." Afisa mmoja akafunua karatasi zake. "Lakini mzee, nyinyi mlishakubali."

"Nilikubali mimi," nikasema. "Wenye kaburi hawakuulizwa." Nikaketi. Hakuna aliyepiga makofi, ila mzee yule wa samaki, ambaye nadhani alikuwa anamfukuza mbu.

Dada akasimama badala yangu akawaeleza, kwa maneno machache na bila kipaza sauti, mama ataenda wapi na nani atashika majembe. Waliandika. Ukingoni walipakubali.

Lakini kuna jambo ambalo funda la chai halikuliosha. Maafisa walikuwa wameshayabeba maneno yangu ya mwanzo na kuyapeleka vijiji vya juu. "Hata mzee wa familia ile amesema iko tayari," waliwaambia watu, na wapo wazee waliokubali haraka kwa sababu hiyo, na makaburi yao yako kando ya barabara sasa, penye vumbi la malori. Nikikutana nao hunisalimu vizuri. Ningependa wanikasirikie kidogo.

Mama tulimhamisha asubuhi yenye upepo, mahindi yakiwa yameshavunwa. Binamu alilala chali akaziba njia ya kaburi jipya, kama desturi ya watani, akakataa kuondoka mpaka niape mbele ya wote kwamba leo sihutubu. Niliapa. Watu wakacheka, majembe mikononi. Tulisimama dada na mimi bega kwa bega, na kwa kuwa nilikuwa nimeapa, nilinyamaza nikimngoja yeye. Akanigusa kwa kiwiko.

"Sema nawe," akanong'ona. "Ni mama."

"Mama, unahama," tukasema pamoja. Hatukuongeza neno.

Ukuta wa bwawa unaendelea kupanda. Dada bado halitaki, na huenda kwenye kila baraza akawaambia hivyo, kisha hupanda nyumbani kwake ukingoni akawashe moto. Mfereji wetu Mtopanga bado unatoa upepo. Akipata mtu anayekuja mjini, dada humpa mtungi wa maji ya mkuyu, na mke wangu huufunga kitambaa chekundu mpinini ili hata mimi nisiuguse. Ni wa chai tu. Shati langu doa halikutoka, tulilifua kwa maji ya kisima, na chumvi huganda juu ya doa. Nalivaa nyumbani.

Juzi niliwasikia wakiongea kwa simu, yeye na mke wangu, sauti zikiwa zimewekwa juu kwa sababu wote wawili siku hizi hawasikii vizuri.

"Wifi," dada alisema, "siku mfereji wenu ukianza kutoa maji ya kwetu, nipigie. Nitakuja nionje mwenyewe."

"Na kama yana chumvi?"

"Yakiwa na chumvi, nachukua maji yangu, namchukua na mdogo wangu, narudi nao wote. Wewe utabaki na supu yako."

"Maji niachie," mke wangu akasema. "Huyo mchukue hata leo."